Mwaka wa Mabakuli ya Shaba

Tulimzika Fundi Sospeter kwao Ushirombo, nyuma ya nyumba aliyoijenga mwenyewe baada ya kutoka gerezani. Nilifika kwa basi la asubuhi kutoka Shinyanga, nikaenda moja kwa moja jikoni kumenya viazi na akina mama, maana kule mgeni hakai msibani mikono mitupu. Mpwa wake alisimama akasoma habari za marehemu: jinsi alivyofanya kazi ujanani kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita, jinsi alivyofundisha watu ufinyanzi Shinyanga, na jinsi alivyofungwa kwa sababu ya wivu wa watu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua mchele karibu yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Wivu wa nini? Mimi nilisikia alikuwa anaficha dhahabu kwenye vyungu." Wa pili akasema hapana, yeye alisikia ni mambo ya uchawi, kuna mtoto alinyonywa damu huko Kishapu. Kisha wote wawili wakanigeukia, kwa kuwa walishaambiwa kwamba nilifanya naye kazi. Niliwajibu kwamba yale ni ya zamani. Wakatazamana, wakarudi kwenye mchele wao, nami nikajua kwamba tangu dakika ile hata mimi walianza kunishuku.

Sikuwalaumu. Mwaka ule niliofanya kazi chini ya Fundi Sospeter sikumwamini mtu yeyote, na hakuna aliyeniamini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni na sukari zikipatikana kwa foleni, na mtu akipita na mfuko mzito watu walimsindikiza kwa macho mpaka kona ya mwisho. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka sekondari, nikapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha ushirika cha vyungu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Kiwanda kilikuwa katika ghala la zamani la pamba. Tulifagia kila siku, lakini nyuzi nyeupe ziliendelea kudondoka kutoka darini na kunasa kwenye udongo mbichi, na akina mama wafinyanzi walizichomoa moja moja kwa kucha. Chumba cha kwanza kilikuwa chao. Cha pili kilikuwa cha tanuri. Cha tatu, kilichokuwa na kufuli, kilikuwa cha glezi, na humo ndimo nilimopangiwa.

Glezi ni unga wa mawe uliosagwa na kukorogwa na maji mpaka uwe kama uji. Unapaka chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja, unakirudisha motoni, na ule uji unayeyuka na kuwa kioo kilichoshika udongo. Jambo la kwanza alilonifundisha Fundi Sospeter ni kutoiamini ndoo. Ndoo zote mle chumbani zilikuwa na tope la kijivu, huwezi kujua ipi itatoka kahawia, ipi nyeusi, ipi kijani. Kwa hiyo ukutani tulitundika vigae vidogo vya majaribio, vimetobolewa na kufungwa kwa waya, na nyuma ya kila kimoja kuna alama ya ndoo yake. Glezi ileile ukiipaka nyembamba inatoka rangi ya chai, ukiipaka nene inakuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Juu ya udongo mwekundu wa Kishapu inakolea, juu ya udongo mweupe inapauka. Ukikiweka chombo karibu na mlango wa tanuri kinatoka tofauti na kilichokaa nyuma. "Usichague kwa macho ya leo," aliniambia. "Chagua kwa kigae kilichochomwa mahali pale utakapoweka chombo chako." Alikuwa mwanamume mrefu, Msumbwa, Mkatoliki wa kusali rozari kwa sauti, mwenye majivuno na maneno machache. Ujana wake wote aliutumia kufanya kazi katika chumba cha kupimia dhahabu mgodini. Mgodi ulipofungwa alibaki na ujuzi wa moto na unga, na alitembea kama mtu anayejua bei yake.

Mambo mengine ya Fundi yalinitia shaka tangu wiki ya kwanza. Hakuruhusu mtu ale chochote mle ndani, hata karanga. Kila tulipotoka kwenda chakula cha mchana alinisimamisha penye karai, akasimamia ninawe mikono mpaka kwenye viwiko, na yale maji hakuyamwaga uani kama watu wengine. Aliyatia kwenye debe lenye mfuniko, na debe likijaa alilibeba mwenyewe. Siku nyingine alinituma sokoni, na nilipokuwa narudi nilisikia nyundo ikigonga mle chumbani, taratibu, juu ya kitu cha chuma, na mlango umefungwa kwa ndani. Mara kwa mara alisafiri na lori kwenda upande wa Geita, akarudi na magunia madogo mazito ambayo hakumwachia mtu ashike.

Mpishi wetu, Bi Zainabu, alipika nyuma ya ghala, na chakula cha mchana kilikuwa ugali, mlenda na dagaa wa ziwani. Pale ndipo maneno yote ya kiwanda yalipopikwa pia. "Mtu wa mgodini haachi mgodi," nilimsikia akimwambia meneja wetu, Bwana Mabula. "Dhahabu anaichanganya kwenye hilo tope lake, chombo kinatoka kinang'aa, kinapita njiani hakuna wa kukikamata. Akifika anakofika anakivunja." Alasiri ile Bwana Mabula aliniita ofisini, akafunga dirisha kwanza.

"Tekla, mikono yako unaoshea wapi?"

"Kwenye karai, Bwana Mabula."

"Na maji yanakwenda wapi?"

Nilimweleza habari za debe. Akaegemea kiti akatabasamu kidogo. "Vumbi la dhahabu hilo. Anakuosha ili usitoke nalo kwenye kucha. Wewe endelea kuangalia, ukiona kitu niambie mimi, usimwambie mwingine." Nilitoka pale nikiwa na shaka mbili badala ya moja, kwa sababu sikuelewa kwa nini meneja wa ushirika anataka kuambiwa peke yake. Sikumpelekea neno lolote. Niliangalia kwa ajili yangu mwenyewe.

Katikati ya mwaka, Fundi alitufanyia kitu ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukiona. Alijenga tanuri dogo la pipa, akalisiriba udongo ndani, akawasha mkaa na kupuliza kwa mivuo ya wahunzi. Aliingiza bakuli lililopakwa glezi mpya, akangoja mpaka likawa jekundu kama kaa na uso wake unameta kama umelowa. Kisha akalitoa kwa koleo refu likiwa bado linawaka, akalizamisha kwenye debe la pumba za mbegu za pamba, akafunika. Moshi ulitoka mzito wa njano, tukakohoa wote. Alipofunua na kulisugua kwa kitambaa, bakuli lilikuwa na rangi nyekundu ya shaba iliyosuguliwa, na ukiligeuzageuza kwenye mwanga linapita zambarau na buluu, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Tulilipokezana mkono kwa mkono. Bi Zainabu alikataa kulishika.

Aliyelifinyanga bakuli lile ni Mama Kulwa, mfinyanzi mkuu wetu, mwanamke mtu mzima kutoka kijiji kimoja cha Kishapu. Alikuwa mjane, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kuchoma vyungu, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya msichana yeyote pale. Aliomba apewe lile la kwanza ampelekee mjukuu wake Limi, binti wa mwanawe Kulwa, aliyekuwa ameachishwa ziwa juzijuzi.

"Hilo ni la kutazama, Mama Kulwa," Fundi alisema.

Mama Kulwa akacheka. "La kutazama? Kwetu bakuli lina kazi moja, baba."

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Akampa. Niliona, na niliandika moyoni kwamba mtu yule kuna kitu amekimeza, lakini nilidhani ni uchoyo wa dhahabu yake.

Mvua za kwanza zilipoanza, Mama Kulwa alirudi kutoka likizo kabla ya wakati, amepanda lori la pamba, hana mzigo isipokuwa kanga aliyojifunga. Alikaa kwenye benchi la jikoni, na Bi Zainabu akampa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, akaishika bila kunywa. Tulimsalimu shikamoo, akaitikia bila kutuangalia. Aliongea Kisukuma kwanza, halafu akakumbuka kwamba Fundi, aliyekuwa amesimama karibu, hakijui vizuri, akarudia kwa Kiswahili. Limi alikuwa mgonjwa. Viganja vyake vimekuwa vyeupe, ndani ya macho hakuna damu, tumbo linamsokota, halii tena kwa nguvu. Na lile bakuli lake la uji, ambalo lilikuja jekundu, wekundu wake umekuwa ukiondoka kidogo kidogo mwezi hadi mwezi, kijani kikaanza kwenye mdomo na kushuka mpaka chini. Mganga aliwaambia bakuli linapima damu ya mtoto. Aliyelileta ndiye anayeichukua.

"Nani alimwita mganga?" Fundi akauliza.

"Kulwa," akasema. "Mwanangu."

Wazee wa kijiji walimpa mpaka siku ya gulio arudi kujieleza, na asiporudi watajua wenyewe. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Miaka ile, katika nchi yetu, kikongwe mwenye macho mekundu aliweza kukutwa amekatwa mapanga mlangoni pake, na mazishi yakafanyika bila mtu kuuliza. Fundi Sospeter alikitazama kikombe cha Mama Kulwa. Kisha akasema, "Ile rangi inaondolewa na hewa. Inarudi kwa moshi. Nitakwenda niwaonyeshe." Bwana Mabula alitoa lori haraka mno, akasema atakuja mwenyewe. Nilimwona anavyofurahi kwamba hatimaye siri ya glezi itafunguliwa hadharani.

Tuliweka tanuri la pipa katikati ya uwanja wa gulio, asubuhi, na watu wakaacha kuuza wakaja. Wanaume walisimama mbele na fimbo zao. Kulwa alikuwa kijana mwadilifu, mwenye sura ya kutolala, amelishika lile bakuli kwenye kitambaa asiliguse. Mama yake alisimama upande wetu, na hapakuwa na mtu aliyesimama karibu naye isipokuwa mimi. Fundi alimwomba Kulwa bakuli, akawaonyesha watu jinsi lilivyo kijani. Akatoa la pili kutoka kiwandani, jekundu, akaliweka kando yake. Yote mawili yakaingia motoni. Mivuo ilipulizwa, mkaa ukaunguruma, na hakuna aliyeondoka. Yalipoiva, akalitoa lile la Kulwa akalizika kwenye pumba likafuka, na lile jekundu akaliacha juu ya tofali lipoe hewani. Watu waliliona kwa macho yao likibadilika, likififia, likawa kijani mbele yao. Halafu akafunua debe, akalisugua lile la Limi, na lilikuwa jekundu tena kama siku lilipozaliwa.

Minong'ono ilipita. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akauliza kilichomo. Fundi akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha waya. "Ni shaba, wazee wangu. Naichoma mpaka ifanye ganda jeusi, naligonga kwa nyundo, nalisaga. Hakuna damu ya mtu." Nikakumbuka ile nyundo. Na nilimwona Bwana Mabula akiutazama ule waya, uso wake umeshuka kama mtu aliyeahidiwa ng'ombe akaletewa kamba, halafu taratibu ukakunjuka kwa wazo jingine. "Shaba," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Shaba ya wapi, Fundi?" Fundi akaurudisha waya mfukoni.

Lakini Kulwa alikuwa hajamaliza. Alikwenda kwa mkewe, akarudi na kibuyu cha uji, akaumimina kwenye bakuli la mwanawe lililokuwa bado vuguvugu. "Kama ni shaba tu, kunywa."

Fundi alilipokea. Akalitazama. Nimeishi miaka mingi na nimewaona watu wengi wakisita, lakini kusita kule sijakusahau, kwa kuwa ndani yake nilisikia maji ya karai yakimwagika kwenye debe, na nikaelewa kwamba hatukuwa tukinawa ili tusiibe. Tulikuwa tukinawa ili tusife. Alikunywa mpaka mwisho, akageuza bakuli chini watu waone. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Yule wa kigoda akasema maneno ya kumsafisha Mama Kulwa mbele ya wote, na akamwamuru Kulwa amsalimie mama yake. Kulwa alipiga goti, akasema shikamoo mayu. Mama yake akaitikia. Fundi akaomba apewe mabakuli yote mawili, akayavunja juu ya tofali, na akamwambia Kulwa mtoto apelekwe hospitali ya mjini na lori letu siku ileile.

Nilimkuta nyuma ya lori, ameinama, kidole kooni, anajitapisha.

"Kuna nini kwenye glezi?" nikamuuliza.

Alijifuta mdomo. "Risasi, yale madini mazito. Unga wake. Tulikuwa nao kwenye chumba cha kupimia, unayeyusha haraka. Bila huo, tanuri la pipa haliwezi kuyeyusha kitu."

"Unamaliza damu?"

"Kwa mtu mzima anayeushika kila siku, nimeona unamaliza."

"Na kwa mtoto anayekunywa uji humo?"

Alisema, "Nilimwambia ni la kutazama." Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kufanya. "Tekla, ukilisema hili hapa, watasema basi kweli bakuli lilikuwa na sumu, na aliyelileta ni yeye. Hawatanikata mimi. Unanielewa?" Nilimwelewa. Mpaka leo sijui kama alikuwa anamlinda Mama Kulwa au anajilinda mwenyewe kwa jina la Mama Kulwa. Nimeigeuza ile sentensi yake pande zote, na kila upande unaonyesha rangi yake.

Polisi walikuja kiwandani wiki ileile. Waya ulikuwa umetolewa kwenye nyaya za mgodi uliofungwa, na mali ile ilihesabiwa kuwa ya umma. Bwana Mabula alisimama mlangoni na ufunguo wa chumba cha glezi mkononi, akawaonyesha kila kitu, na naamini hata wakati ule alikuwa bado anatafuta dhahabu, kwa sababu alipekua yale magunia mpaka chini na kukuta mchanga wa kijivu na unga wa rangi ya chungwa. Fundi alitoka bila kubishana. Aliomba tu wasimwage lile debe uani.

Limi alilazwa, akaongezewa damu, akapewa dawa za malaria. Daktari alisema ni malaria na minyoo, na huenda ilikuwa hivyo. Watoto wengi wa Kishapu walipauka mwaka ule bila kugusa bakuli letu. Alipona polepole. Mama Kulwa alikuwa akikaa naye wodini, akilala chini ya kitanda, na siku daktari alipomruhusu Limi kutoka nje kidogo, alipika viazi vikavu vya michembe na karanga kwenye jiko la Bi Zainabu, akaviweka kwenye bakuli la bati, akaniambia nimsindikize kituo cha polisi kumpelekea Fundi.

Tulikwenda kwa miguu, upande wa kivuli. Karibu na reli akapunguza mwendo. "Wewe ndiye uliyekuwa naye chumbani," akasema, bila kunitazama. "Nakuuliza kama mama yako. Mle kulikuwa na kitu?"

Nilifikiria maneno ya Fundi. Nilifikiria pia kwamba mwanamke huyu alikuwa ameshukiwa na kijiji kizima na mwanawe wa kumzaa kwa jambo ambalo hakulijua, na sasa mimi ningekuwa mtu mwingine anayejua kitu mbele yake na kukaa kimya.

"Kulikuwa na risasi, mayu. Unga wake. Ni sumu ya polepole."

Alisimama. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, tukangoja mabehewa yaishe, na sikuweza kuona uso wake kwa sababu aliuelekeza kule. Mwisho wa treni akauliza, "Yeye alijua?"

"Alijua. Alidhani utalitundika ukutani."

Alitembea mbele yangu mpaka kituoni. Sikujua anachokwenda kufanya, na nilianza kukitazama kile chakula alichobeba, nakiri, kwa jicho ambalo sikulipenda. Askari wa zamu alitukalisha, akamleta Fundi Sospeter mpaka kwenye kaunta, amekonda, hana mkanda wala viatu. Alipotuona wawili pamoja alielewa haraka.

"Tekla amekuambia," akasema.

"Ameniambia."

Askari akanyoosha kidole kwenye bakuli la bati. "Mama, chakula cha mahabusu lazima aliyekileta akionje kwanza." Alisema kwa mazoea, kama anavyowaambia wote. Mama Kulwa akachukua kipande cha kiazi, akatafuna polepole, akameza. Akachukua cha pili, cha chini kabisa, akakila pia. Fundi hakusogea. Macho yake yalifuata mikono ya Mama Kulwa.

Mama Kulwa akalisukuma bakuli juu ya kaunta mpaka likamgusa.

"Kula, baba," akamwambia. "Mimi nimeshaonja."